Kutoka Sokoni Hadi Barazani: Historia Fupi ya Akina Mama wa Amani wa Wajir

Kamati za amani zimeenea Kenya nzima. Mifugo ikiibwa Marsabit, au majirani wakigombania kisima Turkana, wajumbe wake mara nyingi huwa wameshafika kabla kesi haijaenda mahakamani: mzee wa ukoo, mama, kijana, kiongozi wa dini na afisa wa serikali, wote kikao kimoja. Wengi hudhani mpango huu ulibuniwa Nairobi, katika Ofisi ya Rais. Ulizaliwa Wajir mwaka 1993, na waliouzaa ni wanawake ambao, kwa desturi ya mahali pao, hawakuwa na nafasi katika baraza lolote la ukoo.

Sasa imepita zaidi ya miaka 30. Kila ifikapo tarehe 8 Machi, wanawake wa Garissa, Wajir na Mandera husifiwa majukwaani kwa subira na ushujaa wao, kisha viti hupangwa kama vilivyokuwa vimepangwa mwaka uliotangulia. Historia hii inawakumbuka waanzilishi wale, na pia inauliza swali ambalo sherehe huliruka: mbona walioaminiwa kuzima vita bado hawajaaminiwa kuongoza?

Nchi iliyofungiwa

Ili kuielewa kazi yao, yafaa kwanza kuijua Wajir waliyokulia. Chini ya Waingereza eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nchi iliyofungwa ambayo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, wengi wa wakazi walitaka kujiunga na Somalia. Vikafuata vita vya Shifta hadi 1967, na pamoja navyo sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa kikamilifu hadi mwishoni mwa 1991. Kwa karibu miaka 30, basi, raia wa huko waliishi chini ya sheria ambazo Mkenya wa Nyeri au Kisumu hakuzijua.

Jeraha kubwa kuliko yote lilikuwa Wagalla. Mnamo Februari 1984, wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, kilomita chache magharibi ya mji wa Wajir, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji, kisha wakawaua wengi. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema idadi huenda ilikaribia 1,000. Nyumba zilichomwa, wanawake wakanajisiwa, na maelfu ya watoto wakabaki mikononi mwa wajane. Mtaliano Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini humo, alishirikiana na wenyeji kuwatafuta majeruhi na kuokota maiti. Mwaka uliofuata akafukuzwa nchini. Wajane wa Wagalla walijifunza kulisha nyumba, kusomesha na kuamua bila kumngoja mtu. Hakuna aliyewaita viongozi, ingawa kazi waliyoifanya ilikuwa hiyo.

Kuanzia mwaka 1991 mambo mengi yaligongana kwa pamoja. Serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, wakimbizi wakavuka mpaka, na bunduki zikavuka pamoja nao. Ukame ukaua mifugo. Mwezi Desemba 1992 ukafanyika uchaguzi wa vyama vingi, na matokeo ya kiti cha Wajir Magharibi, ambacho Waajuran walikiona chao na kikaenda kwa Mdegodia, yakageuza ugomvi wa malisho kuwa vita vya koo. Degodia, Ajuran na Ogaden wakawindana vijijini na mjini. Hadi vita vilipopoa katikati ya muongo huo, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wameuawa. Magari ya serikali yalitekwa, zahanati zikafungwa, walimu wakaomba uhamisho.

Arusi ya mwezi Juni

Miongoni mwa waliojificha usiku risasi zikilia alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964. Alijilaza chini ya kitanda pamoja na mtoto wake. Kulipokucha, mama yake alimkumbusha kwamba yeye naye aliwahi kumficha Dekha vivyo hivyo, akiwa mchanga, wakati wa vita vya Shifta. Dekha alisimulia kisa hicho mara nyingi baadaye, hata mbele ya wageni wa Ulaya, kwa sababu ndicho kilichomfanya aape kwamba binti yake hatakuja kuficha mtoto chini ya kitanda kile kile.

Mwezi Juni 1993, wanawake kadhaa waliosoma na wenye kazi zao, wa koo mbalimbali, walikutana arusini. Arusi ilikuwa mojawapo ya mikusanyiko michache ambayo watu wa koo zinazopigana bado waliweza kuketi pamoja bila kushukiwa. Mazungumzo yakaacha mahari na vyakula, yakahamia kwenye mazishi. Waliondoka na ahadi ya kukutana tena, na ahadi hiyo ikawa kikundi: Wanawake wa Wajir wa Amani. Dekha alikuwa mmoja wao. Fatuma Sheikh Abdikadir, ambaye baadaye angeongoza mradi wa kitaifa wa maeneo makame, alikuwa mwingine.

Kabla ya kumkaribisha mtu mpya walimuuliza swali gumu. Je, watu wa ukoo wangu wakiwaua jamaa zako, utaendelea kufanya kazi nami? Aliyesita aliambiwa bora asijiunge. Kikundi kilichoundwa kwa mapenzi matupu kingevunjika kwenye mazishi ya kwanza, na wao walijua mazishi mengine yangekuja.

Tusiwafanye malaika. Katika vita vile vile kulikuwa na wanawake waliowaimbia wapiganaji na kuwadhihaki waliobaki nyumbani. Waanzilishi walilijua hilo, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kwa wanawake wenzao. Walianza na soko.

Soko la wote

Soko la Wajir huendeshwa na wanawake. Maziwa ya ngamia hutoka malishoni asubuhi, yakauzwa na mama aliyeketi nyuma ya vibuyu na madumu. Sukari, mboga na vitambaa vina wenyewe, nao wengi ni wanawake. Vita vilipochacha, soko liligawanyika. Wa ukoo huu wakakataa kununua kwa wa ukoo ule, na palipotokea tusi palifuata fimbo. Kwa mfugaji asiye na unga na mkazi wa mji asiye na maziwa, mgawanyiko huo ulikuwa njaa.

Kikundi kilitaka jambo moja la wazi: soko liwe salama kwa mwanamke yeyote wa ukoo wowote, auze au anunue. Wakaunda kamati ndogo ya kuusimamia mpango huo kila siku, yenye macho ya kila upande. Aliyemzuia mwenzake alikabiliwa na wanawake wa ukoo wake mwenyewe. Hapa ndipo ufundi wao ulipokuwa. Mama wa Kiajuran hakumkemea muuzaji wa Kidegodia. Alimwendea wa kwao. Kemeo likitoka kwa dada, ni vigumu kulijibu kwa ngumi. Haukupita muda mrefu soko likatulia, na mji mzima ukaona kwamba kuna mahali pamoja ambapo vita vimesimamishwa, na waliovisimamisha hawakuwa na bunduki wala sahihi ya mkuu wa wilaya.

Nguvu yao ilitokana na jambo ambalo desturi ililihesabu kuwa udhaifu. Mwanamke wa Kisomali akiolewa habadilishi ukoo. Hubaki na jina la babake. Watoto anaowazaa, hata hivyo, ni wa ukoo wa mumewe. Vita vikizuka, ndugu zake wako upande mmoja na wanawe upande wa pili. Wanaume husema kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuaminiwa na siri ya ukoo wowote. Wanawake wa Wajir waligeuza hoja: mtu wa namna hiyo ndiye pekee anayeweza kuingia nyumba zote mbili.

Wazee wakubali

Soko lilikuwa lao. Vita havikuwa vyao. Uamuzi wa kupigana au kupatana ulikuwa wa wazee, na bila wazee hakuna suluhu ambayo vijana malishoni wangeiheshimu. Basi akina mama wakawaendea wazee, mmoja mmoja na kwa heshima zote, wakiwaeleza waliyoyaona sokoni.

Kikwazo kilikuwa uenyekiti. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hakuna ukoo mkubwa ambao ungekubali kikao kiongozwe na mzee wa ukoo mwingine mkubwa. Suluhisho lilikuwa kumwendea mzee wa ukoo mdogo kabisa, ambao haukuwa na askari wa kutisha mtu, na kumwomba yeye aongoze. Kikao kikafanyika, kikafuatiwa na vingine, na mwishoni mwa Septemba 1993 likatiwa sahihi Azimio la Al-Fatah. Lilitaka mauaji na wizi wa mifugo vikomeshwe, lilieleza njia ya kurudisha mali na kulipa fidia, na likawafunga wazee na machifu kushirikiana na vyombo vya usalama dhidi ya mhalifu hata akiwa wa kwao.

Azimio hilo ndilo msingi wa yote yaliyofuata. Waliotia sahihi walikuwa wazee, wanaume. Wanawake walioukokota mji hadi kwenye meza hiyo hawakuwamo katika orodha. Wengi wao hawakulalamika wakati ule; walichotaka ni risasi zinyamaze, na waliona kwamba kudai kalamu siku hiyo kungempa mpinzani sababu ya kuondoka. Ulikuwa uamuzi wa busara, na ulikuwa na gharama. Mtindo ukajengeka: akina mama huleta watu pamoja, wazee huandika majina yao.

Kamati yazaliwa

Akina mama hawakurudi nyumbani baada ya Al-Fatah. Vijana waliokuwa wamebeba silaha walihitaji kazi na mtu wa kuwasikiliza, kikaanzishwa kikundi cha vijana wa amani. Wafanyabiashara walichangia fedha na mafuta ya gari. Wafanyakazi wenye elimu, wanaume kwa wanawake, wakaunda kikundi chao. Viongozi wa dini wakaipeleka habari ya amani misikitini. Kufikia 1994 makundi yalikuwa mengi kiasi kwamba yalianza kukanyagana.

Mwaka 1995 yakaunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, chini ya kamati ya maendeleo ya wilaya ambayo mwenyekiti wake alikuwa mkuu wa wilaya. Ulikuwa mpango wa ajabu katika Kenya ya Moi. Serikali ambayo miaka 11 tu nyuma ilikuwa imemimina risasi Wagalla sasa ilikaa meza moja na waliofiwa. Kuwamo ndani ya mfumo wa wilaya kuliipa kamati gari, ulinzi na uzito; pia kuliwapa maafisa usalama ambao hawangeupata kwa mtutu. Dekha akawa katibu wake hadi 1998.

Chombo chake kikuu kilikuwa timu ya kukabili dharura: wazee, viongozi wa dini, wanawake, vijana na maafisa wa usalama, wote wa koo mbalimbali. Taarifa ya mauaji au wizi ikifika, timu iliondoka upesi iwezekanavyo, kabla ukoo uliofiwa haujakaa kupanga kisasi. Ilikwenda kwanza kuomboleza. Baada ya pole ndipo ilipouliza nani kafanya, mifugo imeelekea wapi, nani atamkabidhi. Fedha za kuanzia zilitoka kwa wenyeji. Baadaye mashirika kama Oxfam yakachangia.

Kwa nini wanawake walihitajika ndani ya timu ile? Dalili za vita huanzia nyumbani. Mke ndiye anayejua mumewe ameuza ngamia na hajaleta nyumbani hata kilo ya sukari; mama ndiye anayeona kitanda cha mwanawe hakikulaliwa. Timu ya wanaume watupu ingefika baada ya maiti. Iliyokuwa na wanawake iliweza kufika kabla.

Kamati ilianzisha pia sikukuu ya amani, yenye michezo na mashairi, na ndani yake tuzo kwa machifu waliofanya vyema katika kutunza amani. Chifu aliyezoea kusifiwa kwa kuutetea ukoo wake sasa aligombea sifa ya kuwatetea majirani.

Majaribu

Hakuna kamati isiyojaribiwa. Mwishoni mwa Oktoba 1998, huko Bagalla, zaidi ya watu 100, wengi wao Wadegodia, waliuawa katika shambulio moja na maelfu ya mifugo ikachukuliwa. Kama kisasi kingeachwa kifuate mkondo wake, kazi ya miaka 5 ingezama. Mazungumzo safari hii yalilazimika kuvuka mipaka ya wilaya, maana washukiwa hawakuwa majirani wa karibu, na wanakamati walijifunza kwamba amani ya Wajir peke yake haikai.

Mwaka huo huo kulikuwa na mvutano baina ya Waislamu na Wakristo mjini. Wakristo wa Wajir ni wachache, wengi wakiwa watumishi wa umma kutoka bara. Dekha, Mwislamu aliyekuwa akiutaja Uislamu wake kama chimbuko la kazi yake, aliwakutanisha wanawake wa dini zote mbili, na kutokana na mikutano hiyo wakashirikiana kuwasaidia maskini wa mji bila kuuliza dini ya mtu.

Miaka iliyofuata haikuwa myepesi. Uhasama wa Degodia na Garre ulilipuka baada ya uchaguzi wa 2013 na kuhamisha maelfu mpakani mwa Wajir na Mandera. Al-Shabaab wakaleta vita vya aina nyingine, visivyo na mzee wa kuketi naye. Tarehe 2 Aprili 2015 walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Desemba mwaka huo, karibu na El Wak, waliposimamisha basi la kwenda Mandera na kuwataka abiria wajitenge kwa dini, Waislamu walikataa, na wanawake wakawavisha hijabu abiria wenzao Wakristo. Hawakutumwa na kamati yoyote. Lakini walifanya lile ambalo akina mama wa Wajir walikuwa wamelifundisha kwa miaka 20: usimkabidhi jirani yako kwa anayeuliza ni wa nani.

Wajir yaenda nje

Mfano ulienea haraka. Mandera, Garissa, Isiolo na Marsabit wakaunda kamati zao. Mwaka 2001 serikali ikaanzisha kamati ya kitaifa ya uelekezaji wa amani na udhibiti wa migogoro, na baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007 mapatano ya 2008 yakataka kamati za amani ziundwe katika wilaya zote. Kilichoanza arusini kikawa sera ya nchi.

Katika machafuko hayo Dekha aliitwa Nairobi. Pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Daniel Opande, Jenerali Lazaro Sumbeiywo na George Wachira, alianzisha kundi la wananchi wapenda amani lililokutana kila siku kutafuta njia ya kuwazuia Wakenya wasimalizane. Mwanamke wa Wajir akiwa meza moja na majenerali wawili: watu wa nyumbani waliijua thamani ya picha hiyo.

Dunia ilikuwa imeshamtambua. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, inayotolewa Sweden, na mwaka 2009 tuzo ya amani ya jimbo la Hessen, Ujerumani. Alifundisha usuluhishi nchi nyingi na alikuwa miongoni mwa waandishi wa kitabu cha mafunzo, *Working with Conflict*, kinachotumiwa hadi leo. Yafaa kukumbuka tarehe: Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, linalotaka wanawake washirikishwe katika kutafuta amani, lilipitishwa tarehe 31 Oktoba 2000. Mwaka huo huo, huko Arta, Djibouti, wanawake wa Somalia walichoka kukaa nyuma ya koo za waume na baba zao, wakaketi kama ukoo wao wenyewe. Wajir ilikuwa imeanza miaka 7 kabla.

Mwezi Julai 2011, akiwa njiani kwenda Garissa, Dekha alipata ajali ya barabarani. Mumewe alifariki papo hapo. Yeye alifariki tarehe 14 Julai. Aliacha watoto wanne na kamati ambazo hakuna aliyeweza kuzihesabu zote.

Koo mbili, kura hakuna

Sasa turudi kwenye swali letu.

Mwaka 2001, wazee na viongozi wa kaskazini walikutana Modogashe, mji mdogo ulio mpakani mwa Garissa na Isiolo, wakatoa azimio la kudhibiti wizi wa mifugo na mauaji. Ni mtoto halali wa Al-Fatah, na limeokoa maisha. Ndani yake mna fidia ya mauaji: mifugo 100, ngamia au ng'ombe, kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Wanaolitetea husema kiwango hicho kina asili yake katika dia, yaani fidia ya mauaji katika sheria ya Kiislamu, na kwamba fidia hufuata aliyebeba mzigo wa familia. Mjane wa Wagalla aliyebeba familia peke yake tangu 1984 angekuwa na la kusema kuhusu hesabu hiyo. Ni mjadala wa wanazuoni na wazee, na mtu wa nje hana haki ya kuuamua. Ila wanawake walioijenga amani yenyewe wana haki ya kuwamo katika mjadala huo.

Siasa nayo ilifuata mkondo huo. Sophia Abdi Noor wa Garissa, mmoja wa waanzilishi wa shirika la Womankind Kenya, linalotetea elimu ya wasichana na kupinga ukeketaji, alipoutafuta ubunge wa Ijara mwaka 1997 alipingwa na wazee wa ukoo. Hakunyamaza. Alikuwa mjumbe katika mkutano wa katiba wa Bomas, akawa mbunge mteule mwaka 2008, na akawa miongoni mwa waliounga mkono hadharani sheria ya 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji, katika eneo ambalo utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta karibu wanawake 98 kati ya 100 wamekeketwa. Mwaka 2017, miaka 20 baada ya jaribio la kwanza, watu wa Ijara walimchagua. Akawa mwanamke wa kwanza wa Kaskazini Mashariki kuchaguliwa mbunge wa eneo bunge. Mwaka huo huo jirani zao wa Isiolo walimchagua Fatuma Dullo kuwa seneta, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza nchini kuchaguliwa katika nafasi hiyo.

Ni ushindi mkubwa, na bado ni mchache. Uchaguzi wa 2022 uliirudisha Ijara kwa mwanamume. Mwaka huo Kenya ilichagua magavana wanawake 7. Tangu ugatuzi uanze 2013, Garissa, Wajir na Mandera hazijapata hata mmoja. Viti vya wawakilishi wa wanawake vilivyoletwa na Katiba ya 2010 vimewapa Fatuma Gedi, Anab Gure na wenzao jukwaa, lakini pia vimewapa wazee jibu la haraka kwa mwanamke anayetaka kiti kingine: nenda kwenye chenu. Na Bunge lenyewe halijatunga sheria ya theluthi mbili ya kijinsia inayotakiwa na Katiba, hata baada ya Jaji Mkuu David Maraga kushauri mwezi Septemba 2020 livunjwe kwa kosa hilo.

Kaskazini Mashariki kuna kizuizi cha ziada. Wazee wa ukoo huketi kabla ya uchaguzi wakagawana viti, utaratibu unaoitwa demokrasia ya makubaliano. Umepunguza damu, na hilo si jambo dogo. Lakini mwanamke akiomba jina lake litajwe, huulizwa: wewe ni wa nani? Wa kwa baba humwambia ameolewa nje, kiti kitawanufaisha wakwe. Wa kwa mume humwambia yeye ni mgeni. Hoja ni ile ile ya soko la 1993, imepinduliwa tu. Kuwa wa koo mbili kulipokuwa kunahitajika ili kuingia nyumba ya adui na kuomba msamaha, kulikuwa baraka. Kulipokuja kugawa viti, kukawa dosari.

Deni lililobaki

Taasisi waliyoijenga akina mama wa Wajir haihitaji sanamu. Inahitaji mambo matatu ambayo waanzilishi wake wenyewe wangeyaelewa. Kwanza, kumbukumbu zake zikusanywe: mihtasari, picha, na sauti za wanawake wa soko ambao majina yao hayamo katika azimio lolote, wakati wenyewe wangali hai. Wajir ina mnara wa Wagalla unaokumbuka waliouawa. Haki ni kwamba waliozuia wengine wasiuawe nao wakumbukwe. Pili, azimio lolote la amani litakalotiwa sahihi Kaskazini Mashariki kuanzia sasa liwe na sahihi za wanawake walioliwezesha, na wawemo wakati fidia zinapopangwa. Tatu, wazee wanaogawa viti wakubali kwamba mama anayeaminiwa kuwapatanisha anaweza pia kuaminiwa kuwawakilisha.

Hili la tatu ndilo gumu, na ndilo litakaloonyesha kama sifa za tarehe 8 Machi zina uzito. Wazee wa Wajir waliwahi kukubali, mwaka 1993, kuongozwa kikaoni na mzee wa ukoo mdogo kuliko yote, kwa kuwa hakuwa na upande wa kupendelea. Mantiki hiyo hiyo inatosha kumpa kiti mwanamke mwenye jamaa pande zote mbili. Waliipata hekima hiyo wakiwa katikati ya vita. Hawana sababu ya kuikosa wakiwa katika amani waliyoipokea kutoka kwa wanawake.